Pigo Juu ya Reli Tupu

Nyundo ya Ambokile ilipotua juu ya vidole vya shemeji yake, Bertha alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana ameshika sinia yenye vikombe vinne vya chai, na hakuna tone lililomwagika. Chai ilimwagika baadaye kidogo, sekunde moja hivi, wakati kaka yake alipojibu.

Karakana hiyo ipo Nyololo, hatua arobaini kutoka barabara kuu iendayo Mbeya. Ni banda la mabati, jiko la mkaa linalopulizwa kwa gurudumu la baiskeli, na kipande cha reli kilichosimikwa juu ya gogo, ambacho ndicho fuawe. Kazi inayofanyika humo haiwezi kufanywa na mtu mmoja. Fundi hushika chuma cha moto kwa koleo, mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ana nyundo ndogo ya ratili mbili. Mbele yake husimama watu wawili wenye nyundo za ratili kumi na nne. Nyundo ndogo ndiyo inayosema. Ikigonga chuma, nyundo kubwa mbili zinaitika mahali hapo hapo, moja baada ya nyingine. Ti-ta-ta. Ti-ta-ta. Kichwa cha fundi kimeinama, na njia ya nyundo kubwa inapita shubiri mbili tu kutoka paji la uso wake. Fundi haziangalii. Akiziangalia ataogopa, na akiogopa atachelewa. Anazisikiliza.

Fundi alikuwa Kalinga, kaka yake Bertha wa tumbo moja. Nyundo kubwa ya kulia ilikuwa ya Liberatus, ambaye amefanya kazi humo miaka tisa. Ya kushoto ilikuwa ya Ambokile, mume wa Bertha, na hiyo ilikuwa siku yake ya tatu.

Walikuwa wanafua ncha ya plau kwa ajili ya mkulima wa Madibira, kutoka kwenye springi ya lori. Chuma kiliteleza kwenye koleo kikalala upande. Kalinga akagonga nyundo ndogo mara moja juu ya reli tupu, pasipo na chuma. Mlio wake ni mwembamba na mkali, haufanani na mwingine wowote humo ndani, na kwake una maana moja: acheni. Huutumia mara chache, pengine mara moja kwa wiki. Liberatus akaacha. Kalinga akasogeza mkono wa kushoto mbele, akashika koleo karibu kabisa na ncha zake ili akinyooshe chuma.

Ambokile akainua nyundo, juu kuliko alivyokuwa akiinua siku zote tatu, akaishusha kwa nguvu zote.

Vidole vitatu vilibanwa kati ya nyundo na koleo. Cha kati kilipasuka kama ganda la njugu. Viwili vya pembeni vilibaki vimeshikwa na ngozi ya upande mmoja. Kalinga hakupiga kelele. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekwisha kwenda. Nyundo ndogo ilimpata Ambokile juu ya sikio la kushoto, na hapo ndipo sinia ilipoanguka. Ambokile akapiga magoti. Kalinga akavuta pumzi. Kisha akampiga tena, na tena, na tena, na tena, kwa mwendo ule ule wa kazi, na fuvu lilitoa sauti iliyobadilika kila mara, kavu kwanza, halafu ya maji.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo Bertha aliliona na hakumwambia mtu kwa siku kadhaa. Kila nyundo ndogo ilipotua kichwani mwa Ambokile, mabega ya Liberatus yaliinuka. Miaka tisa yalikuwa yameinuka kwa sauti hiyo. Katika pigo la nne nyundo yake kubwa ilikuwa juu kabisa, hewani, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeamshwa usingizini. Aliiachia ikaanguka nyuma yake.

"Kaka, basi!" alipiga kelele. "Basi! Umemmaliza!"

"Mmeona?" Mkono wa kushoto wa Kalinga ulikuwa unamwaga damu kwenye mkaa na kutoa moshi. "Mmeona alivyonivizia? Nimesimamisha kazi. Amesikia. Akangoja, akalenga! Mbwa huyu, nimemlisha kwangu!"

Bertha alikuwa amekwisha piga magoti. Alifungua kanga kiunoni akaikunja mara nne, akaikandamiza kwenye kichwa cha mumewe, hakuikandamiza sana, kwa sababu mfupa ulikuwa unacheza chini ya kitambaa.

"Liberatus," alisema, "tafuta gari."

"Gari gani sasa, dada?"

"Lolote lenye matairi."

*

Watu wa Nyololo hawakuhitaji upelelezi. Walikuwa na sababu tayari mkononi, na iliwatosha.

Miezi minane kabla ya hapo, siku ya Jumapili baada ya misa, Kalinga alimkuta Ambokile kwenye kilabu cha pombe ya ulanzi. Alikuwa amesikia kwamba dada yake anapigwa. Hakumwamkia. Alimshika shingo, akamburuta mpaka nje mbele ya watu, akampiga ngumi mdomoni mpaka meno mawili yakatoka, kisha akamkanyagia uso kwenye matope. "Bertha si ngoma," alisema. "Ukitaka kupiga, njoo nikupe reli upige." Watu walicheka. Ambokile aliinuka, akatema damu na jino, akasema maneno matatu ambayo kilabu kizima kiliyasikia: "Ipo siku, shemeji."

Halafu familia zikakaa, zikasemezana, zikala nyama. Banda la uhunzi la Igawa alikofanya kazi Ambokile lilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara, naye akabaki hana kazi. Kalinga akasema aje Nyololo, afue chuma kando yake, ili amwone kila siku kwa macho. Watu wengi walisifu busara hiyo. Sasa waliona kwamba alikuwa amempa adui yake nyundo ya ratili kumi na nne na kumwinamishia kichwa.

Polisi waliona hivyo hivyo. Ambokile alipasuliwa kichwa katika hospitali ya rufaa Mbeya, ambako Bertha mwenyewe ameajiriwa kupima usikivu, kitengo cha masikio. Na alipotolewa chumba cha upasuaji bila fahamu, askari alimfunga pingu mguu wa kulia kwenye chuma cha kitanda. Jalada lilisomeka kujaribu kuua. Kalinga naye alifunguliwa jalada la kujeruhi, akapewa dhamana siku ya pili. Kila mtu alijua kwamba la pili litakufa lenyewe pindi la kwanza litakaposimama mahakamani. Mtu aliyevunjwa vidole na mwingine anayetaka kumuua ana haki ya kujitetea.

"Dada Bertha," alisema Sajenti Abdulkarim, mpelelezi wa kesi hiyo, mtu mpole mwenye kofia ya kufuma mfukoni, aliyezaliwa Iringa mjini kwa wazazi wa Kilwa. Walikuwa wamekaa kwenye benchi nje ya wodi. "Nina shahidi mmoja, Liberatus. Anasema nyundo ilichelewa. Kwamba ingekuja kwa wakati wake wa kawaida, angesema ni mazoea ya mkono. Lakini ilichelewa, kama mtu anayelenga. Wewe ulikuwepo. Ilichelewa?"

"Ilichelewa."

"Kwa kiasi gani?"

"Nusu ya ti-ta-ta moja. Ti-ta-ta yao ilikuwa kama mara moja na nusu kwa sekunde. Kwa hiyo theluthi ya sekunde, kasoro kidogo."

Abdulkarim alimtazama. "Mimi nikimuuliza mtu kiasi gani, huwa ananiambia kidogo au sana."

"Ndiyo kazi yangu, Sajenti."

"Basi na wewe unasema alilenga?"

"Nimesema ilichelewa."

Jioni Kalinga alipiga simu. Alikuwa kwao Nyololo, vidole viwili vimekatwa, cha tatu kimefungwa plasta pamoja na kiganja chote.

"Huyo mzoga wako bado anapumua?"

"Anapumua, kaka."

"Akifa watanibadilishia kesi. Unaelewa? Kwa hiyo mwombee. Sijawahi kumwombea, sasa namwombea kuliko wewe." Alicheka, akakohoa. "Utasema ulivyoona tu, mdogo wangu. Hakuna anayekuomba uongo. Alikupiga, akatishia mbele ya watu, akapiga. Mambo matatu. Hata kipofu angeyapanga."

Mambo hayo matatu yalikuwa ya kweli. Ambokile alimpiga mara tatu katika miaka miwili waliyoishi Igawa, na Bertha alikuwa anazijua tarehe. Alijua pia utangulizi wake: funguo kutupwa mezani, kikohozi kimoja, mguu wa kiti kuburutwa sakafuni. Mara ya tatu, kiti kiliposikika, mikono yake ilikuwa imekwisha funika uso kabla hajaamua kuifunika. Ndiyo sababu aliomba uhamisho kwenda Mbeya, akapanga chumba peke yake; Nyololo alikuwa amekuja kumtembelea kaka yake tu. Hakuwa mke anayelinda mume mwema. Alitaka tu kujua nyundo ile ilikuwa nini, kwa sababu jibu lake lingempeleka mtu gerezani miaka mingi, na yeye ndiye angeulizwa.

*

Siku ya sita daktari wa kitengo cha Bertha, Nasrin, alimpima Ambokile.

Kipimo chenyewe ni rahisi kukieleza. Mgonjwa huvalishwa kofia yenye nyaya zinazosoma umeme wa ubongo, na masikioni huchezeshewa mlio ule ule, kwa mpangilio ule ule, mara mamia. Tu, tu, tu, tu. Mwanzoni ubongo hutoa wimbi kubwa kwa kila mlio. Baada ya muda wimbi hupungua, kwa kuwa ubongo haungoji sauti ifike ndipo uishughulikie. Huibashiri, na kinachofika kama kilivyobashiriwa hakina habari mpya. Kisha katikati ya mfululizo huwekwa mlio tofauti, au nafasi moja huachwa kimya. Hapo, milisekunde mia moja na hamsini hivi baadaye, wimbi huruka. Huruka hata mtu akiwa anasoma gazeti, hata akiwa ameambiwa mapema kwamba mlio tofauti unakuja. Ujuzi haulizuii. Linatoka chini ya mahali ambapo mtu hujua. Na wakati mwingine huruka kwa mtu aliyepoteza fahamu, na wale ambao wimbi lao huruka huamka mara nyingi zaidi kuliko wengine. Si ahadi, ni takwimu.

"Ukae nyuma, Bertha," alisema Nasrin. "Wewe ni ndugu, hugusi kitufe."

"Sigusi."

"Na usipumue kwa nguvu, unanichafulia mistari."

Walichezesha milio dakika ishirini. Kichwa cha Ambokile kilikuwa kimenyolewa, kimeshonwa nusu duara, kimevimba upande mmoja mpaka jicho limepotea. Kwenye kioo mistari ilitambaa. Nasrin alikusanya majibu ya milio ya kawaida pembeni, ya milio tofauti pembeni, akaiweka picha moja juu ya nyingine. Ziliachana vizuri.

"Yumo," alisema Nasrin. "Hawezi kusema lolote, lakini yumo, na anangoja mlio unaofuata. Pole, au hongera, sijui nikupe ipi."

Bertha alikuwa anautazama ule mstari wa milio ya kawaida, ulionyooka karibu kabisa, na alikuwa anaona sinia.

Nyundo ya Ambokile ilipotua, Liberatus aliruka nyuma. Kalinga alikuwa amekwisha anza kujivuta kabla haijamfikia. Ndiyo maana ilimpata vidole tu na si kiganja kizima. Ubongo wa wote wawili ulikuwa unangoja kimya, na badala ya kimya likaja pigo. Yeye, aliyekuwa hatua nne kutoka kwenye reli, mikono yote miwili imeshika chai ya moto, hakutikisika. Alitikisika kwa pigo la nyundo ndogo juu ya sikio. Kwa lile la nyundo kubwa, lililochelewa, zito, lililokuja baada ya mlio wa reli tupu, hakutikisika hata kidogo.

Mtu hashtuki kwa sauti anayoingoja. Basi yeye alikuwa anaingoja. Kwa nini?

Chumba chao cha Igawa kilikuwa nyuma ya karakana, ukuta mmoja. Miaka miwili alilala, alipika, aliugua na kupona nyuma ya ukuta ule, na nyundo zikigonga. Hakuwahi kuzisikiliza. Sasa alifumba macho akaziacha zigonge. Ti-ta-ta, ti-ta-ta, ti-ta-ta. Kisha mlio mwembamba wa reli tupu. Kisha, baada ya nafasi iliyo ndefu kidogo kuliko kawaida, kwa sababu nyundo inayopigwa kwa nguvu zote huinuliwa juu zaidi na huchukua muda zaidi kushuka: TA.

Moja. Zito. Ndipo kimya.

"Unaenda wapi?" Nasrin aliuliza.

"Igawa."

*

Fundi wa Igawa aliitwa Isakwisa, Mnyakyusa wa makamo mwenye kifua kama pipa, ambaye baada ya kubomolewa alihamishia reli yake chini ya turubai karibu na wauza mchele. Bertha hakumwambia jambo lolote kuhusu mlio. Alimwomba tu aende Nyololo siku ya Alhamisi apige nyundo kubwa mbele ya polisi, kama walivyozoea kupiga Igawa na Ambokile, basi.

"Nipige chuma tu?"

"Chuma tu, fundi."

"Na huyo kaka yako naye atakuwepo? Aliyemfungua kijana wangu kichwa kama debe?"

"Atakuwepo."

"Basi nitakuja na nyundo yangu mwenyewe," alisema Isakwisa. "Si kwa ubaya. Mpini wake nimeuzoea."

Kwa Abdulkarim alisema kila kitu, na kwa Kalinga pia, waziwazi, kwenye simu, siku moja kabla. Alimweleza kwamba Igawa mlio wa reli tupu hauna maana ya acheni. Una maana ya malizia, pigo moja la mwisho kwa nguvu. Kwamba Ambokile alipewa amri akaitii.

"Huo ni uwongo umeutunga wodini," alisema Kalinga. "Reli ni reli. Mhunzi yeyote duniani anajua."

"Umewahi kufua wapi zaidi ya Nyololo, kaka?"

Kalinga alikata simu. Lakini Alhamisi alikuja, kwa kuwa dhamana yake ilimtaka aje, na kwa kuwa hakuamini.

Jiko halikuwashwa. Liberatus alishika koleo lenye chuma baridi, amesimama mbali kadiri mikono yake ilivyoweza kunyooka. Kalinga, mkono wa kushoto katika plasta mpaka kwenye kiwiko, alichukua nyundo ndogo. Isakwisa alivua shati. Hawakuamkiana. Abdulkarim alisimama ubavuni mwa Kalinga, karibu kuliko ilivyohitajika.

"Anza," alisema Sajenti.

Ti. Ta. Ti. Ta. Nyundo moja tu kubwa, mwendo wa polepole kwanza, kisha ukakaa sawa. Bertha alihesabu mapigo thelathini na mawili. Uso wa Kalinga ulilegea; mwili ulikuwa umeingia kazini, hata mdomo ulikuwa wazi kidogo. Kisha akagonga reli tupu.

Nyundo ya Isakwisa ilipanda mpaka nyuma ya bega, ikakaa huko kwa kipande cha muda kilichotosha watu wote kukiona, ikashuka. Gogo lilipasuka. Liberatus aliachia koleo akaanguka kwa makalio.

Na Kalinga, aliyeambiwa jana yake kitakachotokea, aliyekuja makusudi kukisubiri, alikuwa ameinua nyundo ndogo juu ya sikio la Isakwisa. Abdulkarim alikuwa ameudaka mkono huo kwa mikono yake miwili, na bado ulimvuta hatua nzima mbele.

"Wee!" Isakwisa alipiga yowe na kurudi nyuma na nyundo yake kifuani. "Wee mtu! Nimekukosea nini? Umeniambia malizia, nimemalizia!"

Barabarani lori lilipita likishuka gia.

"Rudia, fundi," alisema Abdulkarim, anahema. "Amekuambiaje?"

"Malizia. Si amegonga reli? Huko kwenu reli ikigongwa watu hufanya nini, hulala?"

Abdulkarim aliitoa nyundo mkononi mwa Kalinga, kidole kimoja kimoja. Kalinga aliketi juu ya gogo lililopasuka. Alikuwa mtu mkubwa, na kwa dakika kadhaa alionekana kama aliyevikwa nguo za mtu mwingine. Kisha uso wake ukapata njia ya kutokea.

"Mmeona wenyewe," alisema. "Si mimi. Mmeona? Nilikuwa najua na bado mkono umekwenda. Ni mwili. Bertha, wewe ndiye msomi, waeleze. Ule umeme unaousema. Si mimi niliyempiga, ni ubongo umepiga. Yeye hana kosa, sawa, nakubali, ni bahati mbaya. Na mimi sina kosa. Sote wawili. Imekwisha, tunarudi nyumbani."

Abdulkarim alimgeukia Bertha. Liberatus naye, bado yuko chini. Lilikuwa jambo zuri, na lilikuwa karibu kuwa kweli. Lingewapa watu wote kile walichotaka: Ambokile kufunguliwa pingu, Kalinga kulala kwake, familia kula nyama tena.

"Pigo la kwanza," alisema Bertha, "nakubali. Uliumia, ukasikia usichokingoja, mkono ukaenda. Hilo nitalisema mbele ya hakimu yeyote, na Sajenti ameliona leo."

"Umesikia, Sajenti?"

"Yalikuwa matano, kaka."

"Matano gani?"

"Ulimpiga moja, akapiga magoti. Halafu ukavuta pumzi. Nimeisikia, ni ndefu kuliko nafasi zote nyingine, inazidi sekunde. Ubongo unaoshtuka hauchukui sekunde, unachukua sehemu ya sita yake. Baada ya pumzi ukampiga manne, kwa nafasi sawa, kama unafua chuma. Hapo ulikuwa unajua unachofanya. Moja ni la ubongo. Manne ni yako."

"Nani anahesabu wakati kama ule?" Sauti ya Kalinga ilikuwa ya chini sana. "Mumeo anapasuka kichwa, wewe unahesabu?"

"Sikuhesabu. Nilisikia."

Alikuwa ameanza kusema jambo jingine Kalinga alipoinuka. Katika maisha yao yote, tangu kuchunga ng'ombe, hakuwahi kumgusa. Hapakuwa na funguo, wala kikohozi, wala kiti. Plasta ilimpata Bertha kwenye mfupa wa shavu na ulimwengu ukageuka mweupe. Alipojua alipo, alikuwa amelala ubavu kwenye vumbi la mkaa, mdomo umejaa damu, na jino moja la juu linacheza kwenye ulimi. Alisikia vishindo viwili vya miili, sauti ya Isakwisa ikisema "Mshike miguu, mshike miguu jamani," kisha mlio mdogo wa pingu, na Kalinga akilia kwa sauti ya kitoto, plasta imepasuka, mshono wa vidole umefumuka unavuja damu.

"Bertha," alikuwa anasema. "Mdogo wangu. Bertha. Sikukusudia."

Bertha aliketi. Pigo hilo hakuweza kulipima. Hakuwa na mfano wa nyuma wa kulilinganisha nalo.

*

Maelezo yake yaliandikwa saa tisa alasiri katika kituo kidogo cha polisi, kwa mkono, kwa kuwa kompyuta ilikuwa Mafinga. Bertha aliongea polepole kwa sababu ya shavu. Abdulkarim aliandika kurasa tano. Ilipofika sehemu ya ndoa, aliweka kalamu chini.

"Hii ya mumeo kukupiga mara tatu. Tukiiacha, kesi yake inafutwa wiki hii bila maswali. Tukiiweka, wakili wa kaka yako ataanzia hapo."

"Iweke. Na tarehe zake."

"Anaweza kuamka akakuta jalada jingine."

"Akiamka atakuta. Ninayataka yote mawili yawe humo: kwamba hakutaka kumuua kaka, na kwamba alinipiga. Moja halifuti jingine."

Abdulkarim aliandika. Baada ya ukurasa wa mwisho alimsomea yote tangu mwanzo, kama sheria inavyotaka. Nje walisikia gari la polisi likiwashwa; Kalinga alikuwa anapelekwa hospitali kushonwa upya, chini ya ulinzi, na mtu fulani alikuwa anamwambia apande taratibu.

"'...ndipo mtuhumiwa akampiga kichwani kwa nyundo ndogo mara kadhaa...'"

"Simama hapo," alisema Bertha. "Futa kadhaa."

"Dada. Huyo ni kaka yako wa tumbo moja. Kadhaa ni neno la kawaida, tunaliandika kila siku. Kadhaa inampa hakimu nafasi ya kupumua."

"Sajenti, futa. Andika mara moja. Halafu andika kwamba alivuta pumzi. Halafu andika mara nne."

Abdulkarim alipiga mstari juu ya neno, akatia sahihi yake ndogo pembeni ya mstari, akamsogezea karatasi naye atie yake.

"Nne kwa tarakimu," aliuliza, "au kwa maneno?"

"Kwa vyote viwili."